Nilitaka kurusha ndege kwa mota ya redio kaseti (uzi mrefu, wapenda ndege ndogo za umeme karibuni)

#1 KipangaWaZiwa

Wakuu, salaam. Juzi nilikuwa nasaidia kusafisha stoo ya mama, nikakuta kwenye ndoo ya misumari mota ya redio kaseti ikiwa bado imefungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli kwenye kipande cha ubao. Nilikaa chini nikacheka peke yangu hadi mama akaja kuuliza kulikoni. Ile ndiyo ilikuwa injini ya ndege yangu ya kwanza, likizo ya Desemba 2004, nikiwa nimemaliza kidato cha pili.

Kwa wasionijua, mimi ni fundi simu hapa Mwanza. Ndege ndogo za umeme ni ugonjwa wangu wa miaka ishirini na ushee, na dawa sijaitafuta.

Ndege yenyewe niliitengeneza kwa fito za mwanzi na mfuko wa nailoni. Mabawa yalikuwa na urefu wa karibu mita moja na nusu, maana niliamini ukubwa wa bawa unatibu kila kitu. Mbele nikafunga mota, na kwenye mota nikabandika feni niliyoikata kwenye dumu la mafuta ya kula. Tumboni nikapanga betri sita za tochi, zile nene, volti 9. Nilipoipeleka dukani kwa mzee wa sukari aipime, mizani ilisoma kilo moja na robo. Betri peke yake zilizidi nusu kilo. Mzee akaniuliza kama nauza.

Uwanja wa shule ulijaa watoto. Nikawasha, feni ikazunguka kwa adabu sana, ungeweza kuhesabu mapanga yake. Nikakimbia hatua kama ishirini, nikairusha. Ilianguka kama embe lililoiva. Betri mbili zilichomoka zikabingirika hadi golini, na kuna mjinga mmoja akashangilia goli. Jina la "Rubani" nilitembea nalo hadi namaliza shule.

Nimeleta uzi huu kwa sababu mbili. Kwanza, nieleze nilivyohangaika kutoka pale hadi ndege yangu ya kwanza iliyoruka kweli, mwaka 2013. Pili, nataka kujua kama kuna wengine humu waliopitia ujinga kama wangu. Drone za dukani zina nyuzi zao, hapa naomba tuongelee ndege zenye mabawa, za kujitengenezea, za umeme.

Nitaendelea jioni, kuna mteja ameleta simu iliyoingia kwenye ugali.

---

#2 Chapati Mbili

Kwenye ugali?? Mkuu anza na huo uzi kwanza.

---

#3 Hesabu Kwanza

Kilo moja na robo kwa mota ya kaseti. Mota ile inakula kama wati moja hivi ikiwa na mzigo wa mkanda. Mfano mdogo wa ndege unahitaji walau wati 100 kwa kila kilo ili uruke bila kubembelezwa. Wewe ulikuwa na chini ya moja. Hata ungekimbia hadi Shinyanga isingeruka.

---

#4 Mzee wa Transista

Vijana, nimefungua redio kaseti tangu enzi za mkanda wa kusokota kwa kalamu, ngoja nimsaidie huyu kijana ajue kilichomuua.

Mota ile ina gavana. Kaseti ni lazima izunguke kwa mwendo mmoja, betri ikiwa mpya au ikiwa inakata roho, la sivyo mwimbaji anaimba kama panya au kama jini. Kwa hiyo kiwandani wanaweka ndani ya lile kopo kibodi kidogo, yaani kibao kidogo cha saketi, kinachoizuia mota isizidi mizunguko 2,400 hivi kwa dakika. Zile za zamani zaidi zilikuwa na gavana la chuma lenye springi. Geuza mota yako uangalie mgongoni, utaona kitundu kidogo. Pale tulikuwa tunaingiza bisibisi nyembamba kurekebisha mwendo.

Maana yake, kijana, hata ungeweka betri ya lori, mota ingekataa kuongeza mwendo. Ulikuwa umefunga ndege yako kwenye kamba bila kujua.

---

#5 KipangaWaZiwa

Shikamoo mzee. Miaka ishirini na mbili nilikuwa nailaumu feni ya dumu! Nimeigeuza sasa hivi, kitundu kipo.

@Hesabu Kwanza hesabu zako ziko sawa, ila shuleni hakuna aliyenifundisha wati kwa kilo. Na kumbe kosa langu lilikuwa na babu zake. Nilipopata intaneti nikaanza kusoma, nikakuta watu wa Ulaya walihangaika na jambo hilihili tangu karne ya 19.

Mwaka 1881 kule Paris kulikuwa na maonyesho makubwa ya umeme. Gaston Tissandier akaonyesha mfano mdogo wa puto refu lenye mota ya umeme iliyotengenezwa na Gustave Trouvé. Miaka mitatu baadaye, tarehe 9 Agosti 1884, Charles Renard na Arthur Krebs wakaruka na puto kubwa liitwalo La France, kilomita 8 kwa dakika 23, wakarudi palepale walipoanzia. Umeme mtupu! Miaka 19 kabla ya ndege ya petroli ya akina Wright.

Sasa nikajiuliza, kama umeme ulitangulia hivyo, mbona ndege ndogo za umeme zilichelewa karibu miaka 70 zaidi? Jibu lipo kwenye betri ya La France, iliyokuwa na uzito wa zaidi ya kilo 400. Puto halijali, hidrojeni inabeba kila kitu, mota kazi yake ni kusukuma tu. Ndege ya mabawa haina wa kuibeba. Kila gramu inailipia kwa mwendo, na mwendo unatoka kwenye betri ileile iliyoleta uzito. Unaongeza betri ili upate nguvu, nguvu yote inaishia kubeba betri uliyoongeza.

Trouvé alikuwa mjanja. Mwaka 1887 alirusha mfano wa helikopta ya umeme, lakini ilikuwa imefungwa kwa waya na umeme ulipanda kutoka chini. Yaani betri aliiacha ardhini ikae na wazee wenzake. Nikisoma hapo huwa napiga makofi.

Baada ya hapo injini ndogo za petroli na dizeli zikashika mchezo wote. Mtu wa kwanza kuandikwa rasmi kwamba amerusha ndege ndogo ya umeme inayoongozwa kwa redio ni Mwingereza, Kanali H. J. Taplin, tarehe 30 Juni 1957. Ndege yake iliitwa Radio Queen, na betri zake zilikuwa za fedha na zinki. Ndiyo, fedha ileile ya pete. Betri za aina hiyo zilikuwa nyepesi kuliko zote kwa nguvu zilizotoa, na bei yake ilikuwa ya kijeshi. Miezi mitatu na siku kadhaa baadaye, tarehe 4 Oktoba, Warusi wakarusha Sputnik, na tumboni mwake kulikuwa na betri za aina hiyohiyo. Kwa hiyo kanali wetu alikuwa anachezea umeme wa setilaiti kabla ya setilaiti yenyewe.

Ila Taplin hakuendelea. Alirusha, akaonyesha kwamba inawezekana, akaacha.

---

#6 MswahiliUjerumani

Hapo kwa Taplin usifunge kitabu mkuu, hamia huku kwetu. Mimi naishi karibu na Stuttgart, na mji wa Kirchheim unter Teck, ilikokuwa kampuni ya Graupner, hauko mbali. Wazee wanaorusha ndege huku Jumapili wakianza kumzungumzia Fred Militky, chai inapoa.

Militky alikuwa mhandisi wa Graupner. Oktoba mwaka uleule wa 1957 alifanikiwa kurusha ndege yake ya umeme, lakini ya kuachiwa huru, bila redio. Unaiwasha, unaiachia, inazunguka angani yenyewe hadi umeme uishe. Wengine walitafuta nguvu kubwa, yeye akatafuta kupoteza kidogo. Mota yake ilikuwa kidude cha kukaa kwenye kiganja, kilichotengenezwa kwa usahihi wa saa ya mkononi, na mbele akaweka giya za 15 kwa 1. Mota inazunguka mara kumi na tano, propela inazunguka mara moja.

Kwa nini? Mota ndogo inapenda kukimbia lakini haina msuli. Ukiibandikia propela moja kwa moja, lazima iwe propela ndogo inayopiga kelele na kukoroga hewa tu. Ukiweka giya, unaweza kuzungusha propela kubwa taratibu, inashika hewa nyingi na kuisukuma polepole. Umeme uleule, msukumo mara mbili au zaidi. Ni kama kupanda mlima na baiskeli yenye giya na isiyo na giya, miguu ni ileile.

Kufikia 1960 Graupner walikuwa wanauza boksi la kujiundia ndege hiyo, wakaiita Silentius. Jina linajieleza, ilikuwa kimya. Mvulana wa Kijerumani wa miaka kumi na minne angeweza kuinunua dukani.

Na hakuishia kwenye midoli. Tarehe 21 Oktoba 1973 huko Wels, Austria, Heino Brditschka alipaa akiwa amekaa ndani ya MB-E1, ndege ya umeme ambayo Militky alishiriki kuiunda. Mota ya Bosch, betri za nikeli na kadimi. Ilikaa angani dakika chache tu, lakini kulikuwa na mtu ndani.

Kwa hiyo @KipangaWaZiwa, mota yako ya kaseti haikuwa mbaya kama unavyodhani. Ulikosa giya.

---

#7 Mzee wa Transista

Giya, na kuondoa gavana. Kijana wa Ujerumani amesema vizuri.

---

#8 JamaaWaKisumu

Sasa wadau, mimi niko ng'ambo ya pili ya ziwa. Nimesoma hiyo stori ya mawe ya tochi nikacheka hadi mke akaniuliza naongea na nani.

Yangu ya kwanza 2008 nilitoa mota kwa gari ya mtoto ya rimoti, ile kubwa kidogo, na betri yake ya nikeli-kadimi ya volti 7.2. Ikaruka kama sekunde kumi na mbili! Sekunde kumi na mbili, lakini niliziona. Halafu ikageuka upande ikaingia kwa shamba ya miwa. Tuliitafuta siku mbili.

Shida yangu ilikuwa kuwasha na kuzima tu, hakuna katikati. Sikuwa na kidhibiti cha mwendo, nilitumia swichi iliyosukumwa na sevo, ile mota ndogo inayofuata amri ya rimoti. Mota ikiwaka inawaka yote, ndege inainua pua kama farasi, ukizima inaanguka.

---

#9 KipangaWaZiwa

@JamaaWaKisumu hata wenzetu walianza na hiyo swichi. Sekunde 12 si haba kabisa, mimi nilikuwa bado niko kwenye sifuri.

@MswahiliUjerumani asante sana, huyo Militky nilimjua juujuu tu. Ngoja nimalizie sehemu yangu.

Baada ya 2004 nilinyamaza miaka mingi. Nikajifunza ufundi, nikafungua kibanda. Mwaka 2012 nikakuta kwenye mtandao kitu kilichoninyima usingizi. Wazungu walikuwa wanachukua mota inayozungusha CD ndani ya kompyuta, wanaisuka upya, na inarusha ndege. Walianza mchezo huo miaka ya 2000 mwanzoni. Nikaangalia chini ya meza yangu, kulikuwa na deki za CD mbovu tisa.

Mota ile haina kaboni, zile brashi ndogo zinazopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka. Katikati kuna chuma chenye meno tisa yaliyozungushiwa waya wa shaba, na nje kuna kikombe chenye sumaku kinachozunguka. Kiwandani wanasuka waya mwembamba raundi nyingi na wanaweka sumaku dhaifu ya duara, kwa sababu CD ni nyepesi. Wewe unafumua wote, unasuka waya mnene zaidi raundi chache, halafu unang'oa ile sumaku na kubandika sumaku 12 ndogo za neodimi, kaskazini, kusini, kaskazini, kusini. Sumaku niliagiza China, zikachukua wiki sita. Mbili nilizipoteza nilipozisogeza karibu na bisibisi, ziliruka zikapasuka.

Mota ya kwanza niliisuka vibaya, ikawa inatetemeka bila kuzunguka, jino moja nilikuwa nimelisuka kinyume. Ya pili ikaungua kwa sababu nilikwangua rangi ya waya kwenye kona ya chuma. Ya tatu ikazunguka. Wakuu, ile sauti! Niliishika kwa mkono ikataka kuondoka na mimi. Nikaiweka kwenye mizani ya jikoni ikisukuma chini, na propela ya inchi 8 ikasoma gramu 270 na kitu.

Betri zikatoka kwenye laptopu mbovu. Zile betri za duara za 18650 zina gramu 45 hivi kila moja. Nilichagua tatu zilizokuwa na afya, nikaziunga mfululizo, volti 11. Zikivutwa ampea 5 zinashuka hadi volti kumi, kwa hiyo wati kama 50. Ndege yote ilikuwa gramu 420. Gawanya mwenyewe @Hesabu Kwanza.

Mwili wa ndege nilitengeneza kwa maboksi meupe ya stairofomu, yale yanayowekewa minofu ya sangara ya kwenda nje. Huku kwetu ukiwa na rafiki kiwandani hukosi yaliyovunjika. Nilikata bawa kwa waya wa moto, yaani koili ya jiko la umeme nimeinyoosha na kuifunga kwenye upinde wa mwanzi. Ndani ya bawa nikapitisha fito moja ya mwanzi, na njiti za mishikaki kwenye maungio.

Siku ya kuruka ilikuwa Jumapili, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla upepo wa ziwa haujageuka. Mara ya kwanza ilipanda wima, ikasimama angani, ikarudi kinyumenyume ikatua kwa mkia. Uzito ulikuwa nyuma mno. Nikasogeza betri mbele vidole vitatu. Mara ya pili nikairusha, nikasubiri ianguke. Haikuanguka. Ikawa inaondoka tu. Nilisahau kwamba rimoti ninayo mimi, mdogo wangu ndiye aliyepiga kelele "Kata kona! Kata kona!"

Dakika nne. Nilitua kwenye majani, nikazima, nikakaa chini nikashindwa hata kusimama. Wala hakukuwa na mtu uwanjani wa kushangilia, wote walikuwa kanisani.

---

#10 Chapati Mbili

Hapo kwa mdogo wako nimepata machozi bure kabisa. Endelea mkuu.

---

#11 DadaRubani

Hongera sana kaka. Nina maswali matatu, nataka kujenga ya kwangu Dar.

Gundi gani? Nilitumia gundi ya chapuchapu, stairofomu ikayeyuka kama siagi.

Pili, utajuaje uzito umekaa mahali pake kabla ya kuanguka kwanza?

Tatu, vipi kibali? Naogopa kukamatwa na kuulizwa napeleleza nini.

---

#12 KipangaWaZiwa

@DadaRubani karibu sana dada.

Gundi ya chapuchapu na gundi ya viatu zote zinakula stairofomu. Tumia gundi nyeupe ya mbao, inachelewa kukauka lakini inashika, au ile ya fimbo ya kuyeyusha kwa bastola, isiwe na moto mkali.

Uzito: shika ndege kwa ncha za vidole viwili chini ya mabawa, kila upande kidole kimoja, kwenye robo ya kwanza ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele, au nyuma yake kidogo tu. Ikae sawa au iiname pua kidogo. Ikiinamisha mkia usiirushe. Kisha itupe taratibu bila kuwasha mota, kwenye majani marefu. Iteleze kama karatasi, isipige mbizi wala kuinua pua. Ukiridhika ndipo uwashe. Na mota yenyewe iiname kidogo chini na kulia, digrii mbili tatu, la sivyo ukiongeza moto ndege inapanda na kukunja kushoto.

Kibali: TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, wana utaratibu wao wa vyombo visivyo na rubani, waulize kabla hujarusha chochote. Na kaa mbali na uwanja wa ndege, hilo halina mjadala. Hapa Mwanza uwanja uko ufukweni kabisa, mimi huenda upande mwingine wa mji.

---

#13 JamaaWaKisumu

Kenya pia kuna kanuni tangu 2020, KCAA, mamlaka ya anga ya huku, wako makini. Msipuuze.

Na msidhani hivi vitu ni vya watoto. Wale wa kampuni ya Zipline walioanza kupeleka damu hospitalini Rwanda Oktoba 2016, kutoka Muhanga, ile ni ndege ya mabawa ya umeme, inarushwa kwa manati na inanaswa kwa kamba ikirudi. Ukiiangalia vizuri ni binamu wa hii ya maboksi ya samaki.

---

#14 DadaRubani

Na Zanzibar! Walipiga ramani ya visiwa kwa ndege za stairofomu za chini ya kilo moja, na vijana wa chuo kikuu cha pale SUZA ndio waliozirusha. Ndiyo iliyonitia wazimu huu.

---

#15 Hesabu Kwanza

Nimegawanya. Wati 50 kwa gramu 420 ni karibu 119 kwa kilo. Inatosha.

Niongeze kitu kuhusu betri, maana watu wanachanganya mambo mawili. Kuna kiasi cha nishati, na kuna kasi ya kuitoa. Betri nene ya tochi ni pipa kubwa lenye bomba jembamba. Inacheza redio wiki nzima, lakini ukiidai yote kwa dakika tano inazimia. Nikeli-kadimi ilipendwa na warushaji miaka ya 1970 hadi 1990 kwa sababu bomba lake ni pana, ingawa pipa ni dogo. Pakiti ya betri saba za 1,700 mAh (kipimo cha umeme unaohifadhiwa) ilikuwa na gramu karibu 380 na nishati ya saa-wati 14. Lipo, yaani betri ya lithiamu-polima, ya seli tatu ya 2,200 mAh ina gramu 180 na saa-wati 24. Nusu ya uzito, karibu mara mbili ya nishati. Ndiyo maana baada ya lipo kuingia, miaka ya 2002, 2003, harufu ya moshi wa injini ikaanza kupungua kwenye klabu nyingi.

Kuna waliokwepa betri kabisa. Tarehe 4 Novemba 1974 Robert Boucher wa kampuni ya Astro Flight alirusha Sunrise I huko California, juu ya ziwa kavu liitwalo Bicycle Lake. Mabawa karibu mita 10, yamefunikwa seli za jua, wati 450, uzito kilo 12. Baadaye dhoruba ya mchanga ikaivunja.

Sasa swali langu kwa mwenye uzi. Mota ya kaseti unayo. Mzee amekuambia gavana, mwenzetu wa Ujerumani amekuambia giya, na lipo ndogo zipo madukani. Kwa nini isiruke?

---

#16 Chapati Mbili

Weeeee! Nakaa pale na maji ya kunywa.

---

#17 Mzee wa Transista

Kijana, kopo la nje linatoka, limebanwa tu kwa meno madogo. Ndani utakuta kopo la pili na kibodi. Ondoa kibodi, unga waya moja kwa moja kwenye kaboni. Usivute kwa nguvu, zile kaboni ni laini kama mwiba wa dagaa.

---

#18 MswahiliUjerumani

Angalizo moja kwenye lipo kabla hujaanza. Usiichaji ukiwa umelala, wala juu ya godoro. Mimi nachajia ndani ya chungu. Ikivimba, hiyo si yako tena.

---

#19 KipangaWaZiwa

Wakuu, samahani kwa ukimya wa wiki tatu. Nilikuwa karakana.

Mota imefunguka kama mzee alivyosema. Bila kopo la nje na bila gavana ina gramu 38. Giya nimetoa kwenye printa iliyokufa, meno 12 na meno 48, yaani 4 kwa 1. Za 15 kwa 1 sikupata zinazokaa sawa, zilikuwa zinasaga. Propela ni ya inchi 9, laini, ya ndege za polepole. Betri ni lipo ya seli tatu ya 300 mAh, gramu 28. Hizi gramu 28 zinatoa volti nyingi kuliko zile betri za nusu kilo za 2004! Nilizishika kiganjani muda mrefu bila kusema kitu, mama akadhani nimepata habari mbaya.

Kidhibiti cha mwendo nimekitoa kwenye gari la kuchezea. Sevo mbili ndogo kabisa, risiva (kipokezi cha rimoti) nimeivua nguo, imebaki bodi tupu. Mwili ni stairofomu nimeikata unene wa milimita 3, bawa la sentimita 95. Jumla gramu 158. Kwenye mizani ya jikoni msukumo ulisoma gramu 48 betri ikiwa imejaa. @Hesabu Kwanza, inavuta ampea nusu, kwa hiyo ni wati 5 na nusu. Hata 40 kwa kilo haifiki, najua, usiniandikie.

Jumamosi asubuhi nilikwenda uwanja uleule wa shule. Mama alikuja na kanga yake mabegani, alisema anataka kuona kitu kilichojaza ndoo yake ya misumari miaka yote hii. Hewa ilikuwa imetulia, moshi wa majiko ulikuwa unapanda wima.

Niliirusha taratibu, kama unavyomwachia njiwa. Ikashuka hadi usawa wa magoti, nikasema basi. Halafu ikakataa kushuka tena. Ikaenda hivyohivyo juu ya majani, hadi katikati ya uwanja, ikaanza kupanda kwa uvivu, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo. Sauti yake ni kama cherehani ya chumba cha pili. Nikakata kona moja pana sana, ilipoteza urefu wote ilioukusanya, ikaanza kukusanya upya. Ilifika usawa wa paa la darasa. Sekunde 70, mama alikuwa anahesabu kwa simu yake. Kisha kwenye kona ya tatu nikasikia harufu, kaboni moja ilikuwa imeisha. Ikateleza yenyewe ikatua karibu na goli.

Goli lilelile. Safari hii nilishangilia mwenyewe.

Mama ameuliza kama ndiyo mwisho sasa, ndoo irudi kwenye kazi yake. Nimemwambia nina redio kaseti nyingine mbili.

---

#20 Hesabu Kwanza

Wati 35 kwa kilo. Nilikuwa na uhakika haitapanda. Bawa lako limebeba kazi kubwa kuliko mota, tupe upana wake nipige hesabu upya.

---

#21 Mzee wa Transista

Hongera kijana, na msalimie mama. Kile kibodi cha gavana ulichokitoa usikitupe. Nina redio hapa inaimba haraka.